Utaalamu Mmoja, Uliotumika

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwamba naionea haya, la hasha, ni nchi nzuri na ina bendera. Ila jina lake limo ndani ya jalada, jalada limo kabatini, na ufunguo wa kabati Katibu Mkuu amesafiri nao semina. Kwa hiyo mimi nitasema nchi yetu tu, na wewe ukiona inafanana na ya kwenu, shauri yako na macho yako.

Naitwa Bi Sikitu, wa masjala. Mwaka wa kumi na tisa huu napokea karatasi katika Idara ya Kuwageuza Wanajeshi Kuwa Raia. Nazipokea, nazipa namba, nazifungia. Wapo wanaosema hiyo si kazi. Hao hawajawahi kutafuta karatasi iliyopotea huku Mkurugenzi amesimama nyuma yao anahema.

Zamani mwanajeshi wetu akistaafu alirudi kwao akalima, akazeeka, akafa. Serikali ikaona huo ni upotevu wa vipaji. Ikaunda kamati ya watu kumi na mmoja, wakajifungia hotelini miezi mitatu, wakatoka wamenenepa na wana Jedwali la Ulinganisho mkononi. Humo kila kazi ya jeshi imepewa ndugu yake wa uraiani. Mpiga mizinga anakuwa mpiga kengele ya shule. Dereva wa kifaru anakuwa dereva wa lori la taka. Mdunguaji, yule anayemlenga mtu mmoja kutoka mbali, anakuwa fundi cherehani, kwa kuwa anaweza kuliona tundu la sindano. Mpishi wa kambi anakuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Sababu zimeelezwa kwenye kiambatisho ambacho bado tunakitafuta.

Sasa ndani ya mpango huo mzuri akaletwa Meja Damiani Likwembe.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye tabia mbaya ya kujibu swali lilelile aliloulizwa. Jeshini alikuwa mtaalamu wa kanda. Nitaeleza, maana hata mimi sikujua ni mdudu gani. Mpakani kwetu kuna Mto Lihowa, na ng'ambo yake wanakaa Wandusi. Sisi na Wandusi hatujawahi kupigana, ila hatujaacha kujiandaa. Basi jeshi lilimchukua Likwembe angali kijana, likampeleka akakae kule, ajue lugha yao, wanakula nini, wananuna kwa lipi, wanazikana vipi. Akakaa miaka ishirini na miwili, leo kule, kesho huku. Wandusi wakamzoea mpaka wakampa kigoda chake barazani. Binti yake wa pekee, Restituta, akaolewa kulekule na Mndusi, akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Lihenge.

Sikiliza vizuri hapa, maana sirudii. Bibi wa kwanza wa Wandusi kaburi lake liko upande wetu, hatua kama mia tatu kutoka mtoni. Aliyechora mpaka hakuuliza nani amezikwa wapi. Kwa hiyo kila mwaka wa saba, mavuno yakiisha, Wandusi wote wazima, waume kwa wake, huvuka mto alfajiri kuja kumwamkia bibi yao. Watoto wadogo hubaki. Na huja kinyumenyume. Wametupa mgongo, nyuso zimeelekea kwao, wanagonga majembe kwa mawe, wanarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka upande wetu. Kwao si adabu kumtazama mkubwa usoni kabla hajakukaribisha. Mwenyeji kazi yake ni moja, kuwamwagia ndoo ya maji njiani. Akishamwaga, wanageuka, wanachota udongo wa kaburi kila mtu kiganja, wanakwenda zao. Basi, hakuna zaidi.

Miaka saba iliyopita Meja Likwembe aliiandikia kambi ya mpakani mstari mmoja: "Wakija wamewapa mgongo, mwageni maji, waacheni wapite." Askari wakasimama na ndoo. Kufika saa mbili asubuhi kila mtu alikuwa amerudi kwao. Taarifa ya siku ile ninayo hapa, imeandikwa: Hakuna tukio.

Na mwaka huu ulikuwa ndio wa saba tena. Na Restituta, kwa kuwa sasa ni mama wa mtoto wa Kindusi, ilimlazimu avuke na wenzake.

*

Kabla ya kuja kwetu, mstaafu hupita stoo kurudisha mali ya serikali. Meja akarudisha buti, mkanda, kofia, chupa ya maji. Bwana stoo akasoma orodha yake mpaka namba kumi na nne, akasema, "Na utaalamu."

"Utaalamu gani?"

"Wa Wandusi. Utue hapa mezani."

Meja akacheka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona anacheka peke yake.

"Mzee, mimi sina ugomvi na wewe," akasema bwana stoo. "Ulizaliwa nao? Si serikali ndiyo iliyokupeleka ukajifunza? Basi ni mali ya serikali. Kesho nikikaguliwa nitasema umeondoka nao kichwani?"

Wakabishana mpaka saa ya chakula. Mwisho Meja akatia sahihi, na bwana stoo akaandika kwenye daftari lake: Utaalamu, mmoja, uliotumika, hali nzuri. Nakala ikaja kwangu. Kuanzia hapo, Meja akionekana anautumia mahali popote, ni sawa na raia aliyekutwa na buti za jeshi.

Nyumbani kwa Mkurugenzi wetu hata paka ana ratiba, kwa hiyo Meja alihudumiwa siku ileile. Mkurugenzi anaitwa Gaspari Mtumbika. Ni mtu wa hotuba. Hata akiagiza chai anaanza na kuwatambua waliohudhuria.

"Bwana Likwembe," akasema, maana umeja ulikuwa umeshabaki stoo, "kwa niaba ya Idara, na kwa niaba yangu binafsi, na kwa niaba ya Bi Sikitu hapa, nakukaribisha katika uraia. Uraia ni jambo pana. Jeshini ulikuwa unajua watu wanatoka wapi. Jedwali linasema mtu anayejua watu wanatoka wapi ni mhudumu wa mapokezi."

"Mheshimiwa, mavuno ya Wandusi yanaisha baada ya wiki sita."

"Tunawatakia mavuno mema."

"Watavuka mto. Kambini kuna Brigedia mpya, hajui desturi yao. Kiti changu hakuna aliyekikalia. Naomba nafasi yoyote, hata ya kufagia pale kambini, mradi niwe na mdomo."

Mkurugenzi akanitazama. Mimi nikatazama Jedwali. Kufagia pale kambini kulikuwa kumetengwa kwa wataalamu wa hali ya hewa.

Tukampa mapokezi ya Nyumba ya Wageni wa Taifa. Ni nyumba kubwa, ina zulia jekundu na kengele ya mezani. Mgeni wa mwisho alifika kabla ya zulia. Meja akakaa pale nyuma ya meza na tai shingoni, na kwa wiki nzima aliyemsalimu ni fundi wa bomba.

*

Hakutulia. Wiki ya pili akaja masjala na barua mkononi, inakwenda kwa Waziri wa Ulinzi. Niliisoma, ndiyo kazi yangu. Ilikuwa na mistari minne, yote kuhusu migongo na ndoo.

"Hii siwezi kuipokea, mzee," nikamwambia. "Mhudumu wa mapokezi anaandika habari za wageni. Habari za mpakani huandikwa na mtaalamu wa kanda."

"Mtaalamu wa kanda nilikuwa mimi."

"Ulikuwa. Sasa kiti kiko wazi."

"Basi nani ataandika?"

"Mwenye kiti."

Akakitazama kikombe changu cha chai. Nikammiminia na yeye. Nilimpenda yule mzee, sitasema uongo, alinikumbusha baba yangu alivyokuwa akingoja majibu ya hospitali. Ndipo nikampa shauri, kwa moyo mweupe kabisa: kiti kimetangazwa, aombe.

Tangazo lilitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka ishirini na umri usiozidi thelathini na tano. Katika nchi yetu mtu mmoja tu aliomba, na ndiye yeye. Wakamwita kwenye usaili. Nilikuwepo, naandika kumbukumbu. Mezani walikaa watano, Mkurugenzi akiwa katikati.

"Unawajua Wandusi?" akauliza mmoja.

"Nawajua."

"Kwa kiasi gani?"

Meja akaanza. Akaeleza kaburi, akaeleza mto, akasimama akawaonyesha jinsi wanavyorudi nyuma, hatua ndogondogo, mtu mzima wa miaka hamsini na nne anatembea kinyumenyume juu ya zulia la ofisi mpaka akagonga mgongo ukutani. Akasema, "Hapo mnamwaga maji. Nawaombeni, hilo tu mlikumbuke." Akawaambia wazi kwamba binti yake atakuwa katikati ya watu hao.

Mkurugenzi akavua miwani.

"Bwana Likwembe, tumekusikia, na tumeguswa. Lakini utaalamu uliurudisha stoo tarehe kumi na mbili, sahihi yako hii hapa. Sasa haya unayotueleza umeyatoa wapi?"

Meja akaishika ile karatasi, akaitazama sahihi yake.

"Ama ulirudisha pungufu," akaendelea Mkurugenzi kwa huruma, "ama umebaki na nakala. Yote mawili ni makosa. Kwa kuwa ni mara ya kwanza, hatutakushtaki. Tutakuandikia tu kwamba hukufaulu."

Na kweli tukamwandikia, na bahasha nikaibandika mwenyewe.

*

Huenda unajiuliza kwa nini asimwambie binti abaki nyumbani. Usidhani hakufikiria. Alituma neno, na binti akajibu kwa barua iliyokuja imefungwa ndani ya kitambaa cha kanga. Meja alinipa niisome, maana macho yake siku zile yalikuwa mekundu.

"Baba, shikamoo. Mkwe wangu anakusalimu, Lihenge ameota meno sita. Nimesikia uliyosema. Lakini baba, mwanamke asiyekwenda kumwamkia bibi mwaka wake wa kwanza, mtoto wake hapewi jina la ukoo. Na mimi nitawaambia nini, kwamba baba yangu aliyekula hapa miaka yote anaogopa askari wa kwao? Unasema siku hizi si askari wako. Haya, na wasiwe wako. Askari gani atampiga mtu aliyempa mgongo? Nimekuwa nikifanya mazoezi uani. Nimeanguka mara mbili, wananicheka. Wewe njoo utumwagie maji."

Niliikunja nikamrudishia. Akasema, "Bi Sikitu, nisaidie."

Nilimsaidia, Mungu ni shahidi. Ile barua yake ya mistari minne niliipokea, kinyume cha utaratibu, nikaiingiza kwenye jalada la njano, la wastaafu. Jalada la njano hupelekwa kwa Waziri kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi.

"Wanavuka Jumatano," akasema.

"Alhamisi si mbali, mzee."

"Lipeleke leo."

"Leo Jumatatu. Jumatatu linakwenda la kijani."

Alinitazama muda mrefu. Si kwa hasira, hasira ningejua la kuifanyia. Kisha akashukuru kwa chai, akaondoka. Mimi nikaliweka lile jalada juu kabisa ya mengine, ili Alhamisi liwe la kwanza.

Jumanne Meja aliomba likizo ya siku moja. Mhudumu wa mapokezi hupata likizo akishatimiza mwaka. Akaiacha kengele mezani, akafunga mlango wa Nyumba ya Wageni wa Taifa, akapanda lori la vitunguu linalokwenda mpakani. Alichukua ndoo.

Kilomita mbili kabla ya mto kuna kizuizi. Alfajiri ile ya Jumatano askari wa kizuizi wakamwomba kitambulisho, wakakisoma, wakakuta ni raia. Na eneo lile wakati wa tahadhari raia hapiti. Akawaambia yeye alikuwa meja. Wakampigia saluti kwa ajili ya zamani, wakamwambia akae kando. Akawaeleza mambo ya migongo. Wakasema hayo amweleze Brigedia. Akauliza Brigedia yuko wapi. Wakasema yuko mtoni, ambako raia hapiti.

Akakaa juu ya jiwe na ndoo yake imejaa maji. Kutoka pale alisikia majembe yanagongwa, mbali, kama mtu anayetwanga. Baadaye akasikia na hayo mengine.

*

Brigedia mpya si mtu mbaya. Alifanya alivyosomeshwa. Kulipopambazuka alishika darubini, akaona migongo, migongo kwa maelfu, mtoni mpaka kifuani, na kelele za vyuma. Akakumbuka somo: anayekupa mgongo anakimbia. Kama anakimbia, basi ameshashambulia. Kama ameshashambulia, basi alikuwa ndani ya nchi yetu, na sasa anatoroka. Akaagiza wafuatwe kwa risasi kabla hawajatoroka. Kwamba waliokuwa wanatoroka walikuwa wanazidi kusogea kwake, hilo liliandikwa baadaye kuwa ni mbinu.

Saa nne redio ikatangaza. Nilikuwa ofisini na Mkurugenzi, tukaongeza sauti. Msomaji alisema majeshi yetu shupavu yamefurusha uvamizi mkubwa bila kumpoteza hata askari mmoja. Adui alipowaona tu askari wetu aligeuka akakimbia. Ushahidi ni kwamba maiti zote zimekutwa na majeraha ya mgongoni. Hakuna raia wa nchi yetu aliyedhurika. Halafu wakapiga ngoma.

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema, "Tunawapa pole ndugu zetu wa ng'ambo kwa uvamizi wao."

Mchana ikaja simu kutoka juu kabisa. Mkuu wa nchi ameamua kuonyesha utu: maiti zirudishwe kwao kwa heshima. Ila maiti ni kama mzigo wowote unaovuka mpaka, haiendi bila hati, na hati inataka jina. Nani anajua majina ya Wandusi? Walio hai walishavuka kurudi kwao, safari hii uso mbele. Brigedia hajui. Waziri hajui. Mkurugenzi akafikiri, akapiga meza kwa kiganja.

"Yule wa mapokezi."

Kwa dakika arobaini ikaundwa kazi mpya, Msajili wa Marehemu wa Kigeni, ya kudumu, ya kiraia. Idara yetu haijawahi kwenda mbio namna ile. Kikaandikwa na kibali cha kuutumia utaalamu kwa siku moja. Njiani Mkurugenzi alifurahi, ananiambia, "Bi Sikitu, huyu ndiye wa kwanza. Miaka yote hii, huyu ndiye mwanajeshi wa kwanza tuliyempatia kazi inayolingana kabisa na ujuzi wake." Nami nikakubali, maana ilikuwa kweli.

Tulimkuta palepale kizuizini, juu ya jiwe. Mkurugenzi akamsomea barua ya ajira, akampa mkono wa pongezi. Meja akauliza tu, "Wako wapi?" Akaingia kwenye gari.

Walikuwa wamelazwa mchangani, safu moja ndefu, wamefunikwa nguo zao wenyewe. Mimi nikafungua daftari. Meja alikwenda safu nzima kwa mguu, taratibu, anafunua, anataja. Aliwajua. Wengine alikuwa amekula kwao, mmoja alikuwa amemuuzia mbuzi. Anasema jina, jina la baba, kijiji, na mimi naandika, na pale nisipopatia ananisubiri na kunisahihisha, kama mwalimu. Namba moja, namba mbili, mpaka kumi na nane. Mkurugenzi nyuma yetu anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wa kumi na tisa alikuwa mwanamke, amelala kifudifudi, jembe bado liko mkononi. Meja hakuwangoja askari wabebaji, alimgeuza mwenyewe. Akamfuta mchanga usoni kwa kiganja. Akakaa chini.

"Jina," akasema Mkurugenzi.

"Restituta Damiani Likwembe."

Nikaandika namba, nikasita.

"Hilo si jina la Kindusi," akasema Mkurugenzi.

"Si la Kindusi. Ni binti yangu."

Mkurugenzi alivua kofia. Lazima niliseme hilo, ni mtu wa watu. Akamwambia pole sana, msiba huu ni wetu sote. Kisha akainama akaeleza tatizo lilipo, kwa sauti ya chini, asije akasikiwa na wabebaji. Msajili wa Marehemu wa Kigeni husajili wageni. Binti ni raia. Na raia akiwa hapa, ameumia mgongoni, basi taarifa ya redio itakuwa na kasoro, na taarifa imeshasomwa mara mbili.

"Bi Sikitu, ruka," akasema.

"Namba nimeshaiandika, mheshimiwa."

"Iache wazi."

Nilidhani Meja atapiga kelele. Nilitaka apige kelele, ningelia naye. Yeye alikiweka kichwa cha binti pajani, akamfungia kitambaa cha kichwani vizuri, akawaambia wabebaji wawapitishe waliobaki mbele yake mmoja mmoja, maana yeye hawezi kunyanyuka. Wakawapitisha. Akawataja wote, ishirini, ishirini na moja, mpaka wa thelathini na nne, na hakukosea hata jina. Nami niliandika yote.

Jioni lori likavuka mto na wale wa kwenye orodha. Askari wa ng'ambo walihesabu kwa hati, wakapokea waliotajwa. Gari la hospitali ya wilaya, la upande wetu, lilikuja likageuza, kwa kuwa siku ile hakuna raia aliyefariki. Watu wakaanza kuondoka. Mkurugenzi alikuwa ameshaketi kwenye gari, anatunga ripoti.

Meja alinyanyua uso, akaniuliza kwa upole kabisa, "Bi Sikitu, sasa huyu anakwenda wapi?"

Dereva alikuwa anapiga honi, nikachukua daftari langu nikapanda gari.